Waliopunga Mkono Angani: Kadhia ya Boianai na Mizani ya Ushahidi

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii imewatosha wengi barazani, na kwa mazungumzo ya jioni yatosha kweli. Lakini mtu aliyejitwika kazi ya kuandika historia hawezi kuiegemea. Kwake yeye lisemwalo ni mwanzo wa kazi tu. Nani kalisema? Alikuwa wapi? Alilitia katika maandishi baada ya saa ngapi, au baada ya miaka mingapi? Nani mwengine alikuwapo, na je, huyo mwengine aliulizwa peke yake au aliulizwa mbele ya mkubwa wake? Maswali haya si mageni kwetu. Vijana waliokaa chuoni mbele ya masheikh wa visiwa hivi walifunzwa kuwa habari haipokelewi kwa uzuri wake, bali hupokelewa kwa sanad yake: fulani kapokea kwa fulani, na kila fulani hupimwa kwa ukweli wake na kwa hifadhi yake.

Makala haya yanakusudia kuitia katika mizani hiyo habari moja ambayo wengi wataiona ni ya mzaha: habari ya kitu kirukacho kisichotambulikana, kilichoelezwa kuonekana kwa siku tatu mfululizo mwezi wa Juni, mwaka 1959, katika kijiji cha pwani ya Papua kiitwacho Boianai. Nimeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, waliosema wameona walikuwa watu wengi, na si mlevi mmoja aliyekuwa akirejea kwake usiku. Pili, iliandikwa papo hapo. Tatu, namna ilivyochunguzwa inatufunza mengi juu ya wachunguzi wenyewe, na juu ya nani hufanywa shahidi na nani hufanywa mapambo ya ushahidi wa mwenziwe.

Jina lilivyozaliwa

Binadamu ameona mambo ya ajabu mbinguni tangu alipoinua kichwa. Vimondo, nyota zenye mikia, na kupatwa kwa mwezi vimeandikwa na mataifa yote yenye maandishi, na yale yasiyoandika yamevihifadhi katika ngano na nyimbo. Lakini habari ya "visahani virukavyo" ina tarehe yake maalumu. Tarehe 24 Juni 1947, rubani wa Kimarekani, Kenneth Arnold, akiruka karibu na mlima Rainier katika jimbo la Washington, alieleza kuwa ameona vitu tisa ving'aavyo vikienda kwa kasi kubwa. Aliufananisha mwendo wake na mwendo wa sahani inayorushwa juu ya maji ikarukaruka. Magazeti yakautoa mfano ule katika mwendo na kuutia katika umbo, na kwa muda wa siku chache dunia ikapata neno jipya. Hapa mpenzi wa ushairi atatambua jambo analolijua vyema: tashbihi ikitoka kinywani haina tena mwenyewe. Arnold alisema vitu vilikwenda kama sahani. Walimwengu wakaanza kuona sahani.

Jeshi la anga la Marekani lilianza kukusanya ripoti hizo, na mpango wake wa mwisho, ulioitwa Blue Book, uliendelea tangu 1952 mpaka 1969. Ulipofungwa, ulikuwa na ripoti 12,618, na kati ya hizo 701 zilibaki bila ya kutambuliwa. Zilizobaki zilikuwa ni sayari, nyota, vimondo, maputo, ndege za kawaida, na hadaa za hapa na pale. Hata upande wetu wa dunia haukukosa habari yake. Mwezi wa Februari, mwaka 1951, rubani na abiria wa ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa walieleza kuwa wameona kitu king'aacho kimetulia juu ya Kilimanjaro, kisha kikapaa na kutoweka. Habari ile ilitoka magazetini, ikazungumzwa, halafu ikasahauliwa.

Mfano mmoja wa Marekani ni lazima tuutaje kabla ya kufika Boianai, maana utatufaa mbele. Tarehe 7 Januari 1948, rubani Thomas Mantell alifariki dunia baada ya kukifukuza kitu kilichoonekana juu ya Kentucky na kupanda nacho juu kuliko ilivyofaa kwa rubani asiye na hewa ya oksijeni. Wakubwa walieleza mwanzo kuwa alikuwa akiifukuza nyota ya Zuhura. Maelezo hayo hayakusimama. Baadaye wengi waliafikiana kuwa lililokuwapo ni puto kubwa la utafiti la jeshi la majini, lililokuwa siri wakati ule hata kwa marubani wenyewe. Funzo lake ni kwamba jibu la haraka la mwenye elimu laweza kuwa na kosa kama uvumi wa asiyenayo, hata pale ambapo jibu la kweli ni la kawaida na la hapa hapa duniani.

Boianai na watu wake

Boianai ipo katika ghuba ya Goodenough, mashariki ya kisiwa cha New Guinea, pahala ambapo milima inateremka mpaka karibu na maji. Ipo kiasi cha digrii 10 kusini ya ikweta. Sisi wa Unguja tupo kiasi cha digrii 6. Kwa hivyo, msomaji, mbingu za Boianai ni jirani wa mbingu zetu: jua huzama kwa haraka, kiza huingia bila ya kubisha hodi, na nyota wanazoziona wao baada ya magharibi ni karibu zile zile tunazoziona sisi saa saba baadaye. Mwaka 1959 nchi ile ilikuwa chini ya utawala wa Australia, na haikupata uhuru wake mpaka tarehe 16 Septemba 1975.

Misheni ya Kianglikana ilikuwa imeingia pwani ile mwaka 1891, na makao yake makuu yalikuwa Dogura, si mbali na Boianai. Ilikuwa misheni ya mkondo ule ule wa Kianglikana uliojenga kanisa la Mkunazini hapa mjini, wenye kupenda ibada za taratibu ndefu na saa za sala zisizobadilika. Padri wa Boianai alikuwa William Booth Gill, Muaustralia. Pamoja naye walikuwapo walimu wa Kipapua, akiwemo Stephen Moi na Ananias Rarata, na msaidizi wa tabibu, Annie Laurie Borewa, na wanafunzi na watu wa kijiji. Majina haya matatu nayataja kwa makusudi. Vitabu vingi vinaiita kadhia hii "ya Padri Gill", kana kwamba alikuwa peke yake.

Katika mwaka ule na ule uliotangulia, taa za ajabu zilikuwa zikielezwa sehemu mbalimbali za pwani ya Papua, na padri mwengine, Norman Cruttwell, alikuwa akizikusanya habari zake kwa bidii. Gill hakuwa miongoni mwa waliozisadiki. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni, Stephen Moi aliona kitu mfano wa sahani iliyofunikwa. Gill alimwandikia barua mwenzake wa Dogura kumweleza habari ile, akaonesha kuwa yeye anaelekea zaidi kwenye maelezo ya umeme na hali ya hewa, na akajipa jina la utani la William Mwenye Shaka, kwa kumfuata Tomaso wa Injili. Barua hiyo ilikuwa bado haijaondoka pale mambo mengine yalipotokea.

Siku tatu za Juni

Jioni ya Ijumaa, tarehe 26 Juni, kiasi cha saa 12:45, Gill alitoka nje baada ya chakula akaona mwangaza mkali upande wa kaskazini-magharibi. Aliwaita wenziwe. Watu wakakusanyika, na hesabu yake ilikuwa watu 38. Walieleza kuwa wameona kitu kikubwa cha duara, kipana chini na chembamba juu, mfano wa meli na sitaha yake. Chini yake mna kitu kama miguu minne. Na juu yake umetoka mwale mwembamba wa rangi ya buluu ulioelekea mbinguni kwa mshazari. Juu ya sitaha ile walionekana watu, au vilivyofanana na watu, wakienda na kurudi kama walioshughulika na kazi. Vitu vyengine vidogo vilikuja na kuondoka. Gill alikadiria kuwa mawingu yapo kiasi cha futi 2,000, na akaandika kuwa vitu vile vilipopita chini yake viliyaangaza. Mambo yaliendelea, kwa kukatizwa na mawingu, mpaka karibu na saa 4:50 usiku.

Siku ya pili, tarehe 27, Annie Laurie Borewa ndiye aliyekiona mwanzo, saa 12 jioni, jua limeshazama lakini mwangaza bado upo. Safari hii walionekana watu wanne juu ya kile chombo. Gill akanyoosha mkono wake akapunga. Mmoja katika wale akapunga vile vile. Ananias akapunga mikono yote miwili, na wawili wakamjibu. Kiza kilipozidi wakamulika kwa tochi, na chombo kikayumba huku na huku kama timazi la saa. Watoto walipiga kelele za furaha na kuwaita washuke. Hawakushuka.

Kisha likatokea jambo lililowashangaza wasomaji wote wa kadhia hii tangu siku hiyo. Saa 12:30 Gill alikwenda kula. Saa 1 usiku alitoka, akakiona chombo bado kipo lakini kimekuwa kidogo. Akaingia kanisani kwa sala ya jioni. Sala ilipomalizika, saa 1:45, mawingu yalikuwa yameifunika mbingu na hapakuwa na kitu. Siku ya tatu, tarehe 28, walihesabu vitu vinane, vya mbali zaidi, na usiku wa manane paa la nyumba ya misheni lilisikika likigongwa kwa kishindo. Asubuhi yake halikuonekana kuwa na alama yoyote.

Karatasi

Thamani ya kwanza ya kadhia hii ni karatasi zake. Gill aliandika saa na matokeo usiku ule ule, akachora, na akawataka wengine nao wachore. Kisha watu 25 wakatia saini zao. Aliandika pia barua ya pili kwa rafiki yake wa Dogura, akakiri kuwa mwenye shaka sasa ameshawishika. Tunazo basi barua mbili za mtu mmoja, siku moja mbali, moja ya kukanusha na moja ya kukubali, na hakuna iliyopata nafasi ya kuitengeneza mwenziwe.

Wapenzi wa ushairi wataelewa uzito wa jambo hili. Kumbukumbu isiyofungwa hupotea. Ndiyo maana mabaharia wa bahari yetu walizifunga elimu zao. Ahmad ibn Majid wa Julfar, nahodha wa karne ya 15, alizitia nyota, pepo na bandari katika tungo za vina na mizani, ili asiyejua asiweze kuongeza wala kupunguza bila ya kusikika. Karatasi za Boianai zilifanya kazi ya mizani hiyo. Mtu aliyetia saini tarehe fulani hawezi, miaka 20 baadaye, kuongeza mtu wa tano juu ya sitaha bila ya sisi kumkamata.

Walakini karatasi inahifadhi kilichosemwa, haihifadhi kilichokuwapo. Saini 25 zilizo chini ya maelezo ya mtu mmoja si maelezo 25. Lau kila mmoja angekaa peke yake akaeleza kwa lugha yake mwenyewe, tungekuwa na hazina kubwa zaidi.

Wachunguzi na hoja zao

Gill alirejea Australia mwezi wa Septemba mwaka ule ule, na habari ikaenea. Mwezi wa Novemba swali likaulizwa bungeni. Mwisho wa Disemba maofisa wa jeshi la anga la Australia walimhoji Gill mjini Melbourne, yaani miezi sita baada ya matokeo na mbali kabisa na pwani ya Papua. Hitimisho lao lilikuwa kwamba huenda mambo yale yalikuwa ya kimaumbile, na kwamba ukizitazama pembe na mielekeo, angalau taa tatu zilikuwa sayari, kama vile Mshtarii, Zohali na Mirihi.

Mnajimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Donald Menzel, alikwenda njia nyengine. Yeye aliona kuwa kitu kikubwa kilikuwa Zuhura. Alikisia kuwa Gill ni mtu mwenye macho mabovu asiyevaa miwani, na kwamba ile "miguu" na wale "watu" walikuwa ni vivuli vya kope zake mwenyewe. Na wale 37 waliobaki? Aliwaeleza kwa jumla kuwa ni wenyeji waliomtukuza padri wao, na kwamba wangekubali kuona lolote aliloona yeye. Mwandishi Philip Klass, mpingaji mashuhuri wa habari hizi, alikishikilia kile chakula cha saa 12:30: nani, aliuliza, aliyewaona wageni kutoka mbinguni akawaacha akaenda kula?

Wa nne alikuwa J. Allen Hynek, mnajimu aliyekuwa mshauri wa jeshi la anga la Marekani kwa zaidi ya miaka 20, na ambaye mwanzo alikuwa hodari wa kuzigeuza ripoti kuwa Zuhura. Katika kitabu chake cha 1972, The UFO Experience, aliiweka Boianai katika daraja ya tatu ya mikutano ya karibu, yaani ile ambayo viumbe wanaonekana. Mwaka 1973 alisafiri mpaka Papua, akiwa pamoja na Cruttwell, akazungumza na baadhi ya mashahidi. Walimweleza yale yale. Aidha alithibitisha kuwa Gill alikuwa na miwani iliyomfaa usiku ule, na kwamba Gill alisema aliiona Zuhura mbali na kile chombo, akaijua kuwa ni Zuhura.

Kuzipima

Tuanze na chakula, maana ndilo jambo jepesi. Gill alieleza kuwa hakudhani wale ni viumbe wa sayari nyengine. Alidhani huenda ni chombo kipya cha Wamarekani au cha watu wengine wa duniani, na kwamba wakishuka watakuwa watu kama watu. Alipoona hawashuki, alikwenda zake. Jibu hili lina mantiki kwa padri aliyezoea kuishi kwa kengele. Ama sisi, tuliokwisha kulishwa filamu, ndio tunaotaka apige magoti. Hoja ya Klass inapima matarajio yetu kuliko inavyompima Gill.

Zuhura ni hoja nzito zaidi, na anayeipenda kadhia hii asiikwepe. Mwishoni mwa Juni 1959 Zuhura ilikuwa nyota ya jioni, imefika karibu na upeo wa umbali wake kutoka kwenye jua, ikang'aa vikali upande wa kaskazini-magharibi na kuzama saa chache baada ya magharibi. Upande ni ule ule, saa ni zile zile, na ilirejea kila jioni kama walivyorejea wale wageni. Mtu yeyote aliyesafiri kwa ngalawa usiku anajua kuwa nyota iliyo chini, ikitazamwa kupitia wingu jembamba linalokwenda, huonekana ndiyo inayokwenda. Na ukiitazama kwa muda mrefu bila ya kitu cha kuifananisha nacho, huyumba. Kuyumba kama timazi, kuwa kidogo kwa taratibu, kutoweka nyuma ya mawingu: yote haya Zuhura anayaweza.

Asiloliweza Zuhura ni sitaha, miguu minne, na mikono inayopungwa, tena machoni pa watu wengi wenye macho mazima. Wala hawezi kupita chini ya wingu na kuliangaza. Na hapa ndipo Gill anapokuwa na udhaifu wake: urefu wa futi 2,000 ulikuwa kisio, kwani gizani mwangaza hauna umbali. Wengine wamependekeza mashua ya uvuvi yenye taa kali, iliyoinuliwa na mazigazi juu ya upeo wa macho mpaka ikaonekana inaelea. Mvuvi wa dagaa wa kwetu, aliyekwisha kuona karabai za wenziwe zikining'inia juu ya maji usiku wa shwari, hatoicheka hoja hii. Ingeeleza sitaha, wafanyakazi walioinama na kuinuka, na hata kupungiwa mkono. Lakini haielezi vitu vilivyokuwa juu vichwani mwao, wala hapana chombo cha uvuvi kilichothibitishwa kuwapo ghubani siku zile.

Huenda basi kosa la wachunguzi wote lilikuwa kutafuta jina moja la kuvitosha vitu vyote. Siku tatu, vitu zaidi ya kumi, vikubwa na vidogo, vya chini na vya juu: kwa nini viwe na asili moja? Inawezekana vidogo vilikuwa sayari, kama lilivyosema jeshi, na kikubwa kilikuwa kitu chengine. Mantiki hiyo inapunguza fumbo bila ya kulimaliza.

Jambo ambalo lingelimaliza lilikuwa rahisi. Ukiwa Nungwi na mwenzio akiwa Matemwe, na nyote mkaitazama taa moja ya mashua kwa saa moja, wewe utaiona upande wako na yeye ataiona upande wake. Mkikutana na kuchora mistari miwili, mistari inakatana pale ilipo mashua. Lakini mkiitazama Zuhura, mistari yenu haikutani kamwe, maana Zuhura ni ya mbali mno. Jioni ya tarehe 26, mfanyabiashara mmoja wa kijiji chengine cha pwani ile naye alieleza kuona taa. Lau mtu angefika kwake na kufika Boianai ndani ya wiki ile, akiwa na dira na karatasi, akawataka wanyooshe vidole, fumbo la miaka zaidi ya 60 pengine lingefumbuliwa kwa mchana mmoja. Hakufika mtu. Dira haikuwa ghali. Waliokosekana ni wenye kuamini kuwa safari ya kwenda kuwauliza wanakijiji ina faida.

Mashahidi 37

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Jeshi lilizungumza na Gill huko Melbourne. Menzel alimpima Gill macho kutoka Harvard. Klass alimhukumu Gill kwa chakula chake. Waliomtetea walisema ni mtu mkweli, msomi, padri. Katika mjadala mzima, kwa pande zote mbili, uzito wa ushahidi uliwekwa juu ya mabega ya mtu mmoja, na wale 37 wakawa ama vigelegele vya kumshangilia au ushahidi wa wepesi wa kudanganyika.

Ukitazama karatasi lakini, mambo ni kinyume. Aliyeona mwanzo, tarehe 21, alikuwa Stephen Moi, na Gill ndiye aliyekataa. Aliyeona mwanzo tarehe 27 alikuwa Annie Laurie Borewa, na Gill ndiye aliyeitwa. Ikiwa wenyeji wale walikuwa watu wa kukubali kila alisemalo padri, basi wangelikubali pia shaka yake, nayo ndiyo aliyokuwa nayo mpaka Ijumaa ile. Padri aliwafuata wao. Wao hawakumfuata padri. Hoja ya Menzel inaanguka kwa tarehe tu, bila ya kuhitaji mnajimu.

Na walikuwa watu gani hawa? Walikuwa watu wa pwani, waliozoea bahari na mbingu ya ghuba yao tangu utotoni. Mtu wa jamii hiyo hujua Zuhura inapotokea kama ajuavyo mlango wa nyumba ya mama yake. Hii haina maana kuwa hawawezi kukosea. Baharia hodari naye hupotea. Lakini maana yake ni kuwa kosa lao, ikiwa walikosea, linahitaji kuelezwa kwa sababu, na halielezwi kwa rangi ya ngozi zao wala kwa ucha Mungu wao. Sisi wa mwambao tunaijua vizuri dharau hii. Mara ngapi mapokeo ya wazee wetu yameitwa ngano mpaka aje mgeni ayachimbe ardhini, ndipo yaitwe historia? Mwanahistoria anayewapuuza Wapapua kwa sababu habari yao ni ya ajabu anatumia mizani ile ile iliyotumiwa kwa mababu zetu kwa habari zisizo za ajabu hata kidogo.

Heshima kwa shahidi, walakini, si kumsadiki. Heshima ni kumuuliza. Anayesema "wameona, basi wageni wa mbinguni wamekuja" hakuwaheshimu zaidi ya Menzel. Naye pia amewanyamazisha, akaweka ngano yake mwenyewe midomoni mwao. Wao walisema wameona kitu, na watu, na mikono. Hawakusema kimetoka wapi.

Hitimisho

Gill alifariki dunia mwaka 2007 bila ya kuyageuza maelezo yake. Hakuna kipande cha chuma kilichookotwa Boianai, wala picha iliyopigwa. Mwezi wa Septemba 2023 jopo la wataalamu lililoundwa na NASA lilitoa ripoti yake juu ya vitu visivyotambulikana, likasema kuwa halikuona ushahidi kwamba asili yake ni nje ya dunia, na kwamba tatizo kubwa ni uchache na udhaifu wa taarifa zenyewe. Walichokigundua kwa satelaiti na kompyuta ndicho kilichokosekana Boianai kwa kukosa dira na mtu wa kutumwa.

Hukumu yangu ni hii. Watu wa Boianai waliona kitu, na walikisema kwa ukweli kama walivyokiona. Sehemu ya walichokiona yaelekea ilikuwa sayari. Sehemu nyengine haijatambuliwa, na neno "haijatambuliwa" halina maana nyengine ila hiyo hiyo. Si jina la kabila la angani. Atakayelijaza kwa wageni wa sayari nyengine anasafiria nyota ya mwenziwe, na atakayelijaza kwa ujinga wa wenyeji naye yumo chombo kimoja naye.

Siku moja, hapana shaka, mvuvi wa Makunduchi au mkulima wa Micheweni ataona taa asiyoijua na atakuja kuisimulia. Asicheke mtu, wala asipige mtu kelele. Na aulizwe alikuwa amesimama wapi, taa ilikuwa juu ya mti gani, ilipita kulia au kushoto ya mnazi, na nani mwengine alikuwa macho. Kisha yaandikwe majibu yake usiku ule ule, kwa maneno yake mwenyewe, na jina lake liandikwe juu ya karatasi na si chini ya jina la mwengine.